Mikono ya Kumzoesha Ruksa

Mbwa wetu wa kwanza alilelewa ndani ya kasha. Mume wangu Florian alimlea hivyo kwa sababu baba yake alilea hivyo, na kwa sababu kahawa ilikuwa inaibwa. Kasha la mbao, giza, ugali uliochanganywa na pilipili na nyigu waliochomwa, na mtu wa nje haruhusiwi hata kumwita. Mbwa akatoka mkali kweli. Lakini hakumuuma mwizi hata mmoja. Aliyemuuma ni binti yetu Tadea, aliyeinama kuokota sufuria karibu na chakula chake. Vidole vya mkono wake wa kulia havinyooki mpaka leo. Florian alimuua yule mbwa kwa shoka, akamzika nyuma ya migomba, halafu akashinda bila kula.

Mwaka uliofuata akaja na mwingine ndani ya kikapu, wa rangi ya udongo, tumbo limejaa minyoo. Nikampokonya kikapu.

"Huyu nitamlea mimi."

"Wewe ulisomea ng'ombe," akasema.

"Nilisomea mifugo. Mbwa si mfugo?"

"Na kahawa italindwa na nani?"

"Na mbwa mwenye akili. Asiyemjua mtu mwema atamjuaje mwizi?"

Florian akacheka kwa pua. Jina akatoa yeye, kwa kejeli: Ruksa. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, redio za dukani ruksa, serikali kupunguza watu kazini ruksa. Mimi nilikuwa bibi mifugo wa tarafa, nikapunguzwa, nikabaki kuuza dawa za minyoo na kupe barazani kwangu. Watu waliendelea kuniita bibi mifugo, lakini sasa walinibishia.

Kahawa nayo ikawa ruksa. Zamani chama cha ushirika kilimjua kila mkulima na shamba lake. Ukipeleka gunia la ajabu utaulizwa. Walipoingia wanunuzi binafsi, lori lilisimama barabarani na mzani wake, na swali likawa moja tu: imekauka? Basi watu wakaanza kuibiana. Si kahawa ya shambani, maana kuichuma ni kazi. Waliiba ile iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, inayokauka juu ya vichanja uani. Unaikung'uta kwenye gunia, unakwenda zako.

Mtoto wa mbwa ana muda mfupi wa kuamini watu. Muda huo ukipita, unaweza kumfundisha kutii, lakini kutoogopa hutamfundisha tena, na mbwa anayeogopa ndiye anayeuma. Kwa hiyo nilihitaji mikono. Mikono ya wazee, ya watoto, mikono inayonuka tumbaku, inayonuka sabuni, yenye majembe na vikapu. Kila mtu amshike kidogo, ampe kitu kidogo, amwachie aende. Si kazi kubwa.

Enzi za baba mkwe wangu isingekuwa kazi hata kidogo. Ukoo mzima wa Wamatengo ulikula pamoja mahali pamoja, palipoitwa sengu, kila mke akileta chungu chake. Mbwa walizaliwa katikati ya miguu ya watu wote. Sisi tulikuwa tumekwisha kuacha. Kila nyumba ilikula ndani, mlango umerudishwa.

Nikamfunga Ruksa kamba, nikampeleka kwenye mashine ya kusaga. Nilitaka asikie mngurumo na aone watu. Mngurumo aliuzoea upesi. Kwenye foleni alikuwapo Luisa, jirani yangu wa upande wa juu, ambaye nguruwe wake niliwahi kumzalisha kwa mikono yangu. Ruksa akaenda kumnusa ndala. Luisa akaruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Mama Tadea, toa mbwa wako. Asije akanizoea."

"Akuzoee, ndiyo ninachotaka."

"Unataka wewe. Mimi kwangu hiyo ni kesi."

"Kesi gani?"

Wanawake wakaangaliana. Luisa akajifunga khanga upya, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Kahawa yenu ikiibwa kesho, mtasema nini? Mbwa hakubweka. Hakumbwekea nani? Anayemjua. Nani anayemjua? Luisa. Hapana, dada. Mbwa wako na anibwekee. Akinibwekea nalala usingizi."

Foleni nzima ikacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Nikajaribu kilabuni. Wanaume wakaweka mikono mifukoni. Mzee mmoja aliyemwona Ruksa anamjia aliinua miguu yote juu ya benchi, kata ya pombe mkononi, akaniambia, "Mwanangu, mimi ni mtu maskini lakini sijawahi kuitwa shahidi." Nikajaribu nje ya kanisa baada ya misa. Mwalimu wa dini aliingiza mikono ndani ya mikono ya koti lake, akanisalimia kwa kichwa. Watoto walitaka sana kumshika. Mama zao waliwavuta masikio.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nimechoka kuliko ninaporudi kuogesha ng'ombe. Florian alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Hakuuliza. Akasema tu, "Kasha bado lipo."

Bonifasia ndiye aliyekubali.

Alikuwa mjane kutoka Lipingo, ziwani, aliyepanga chumba kwa baba mdogo wa Florian. Alileta usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa, kwa malori ya kupanda milima, akavianika tena kwetu maana njiani vinapata unyevu, akauza kwa vikombe. Sisi watu wa huku juu tulimnunulia na kumsema. Mnyasa, Mwanglikana, hana shamba, anacheka sana. Kwangu alikuja kununua dawa ya kichwa, nikamwambia mimi ninauza dawa za mbuzi, akasema kichwa chake ni cha mbuzi vilevile. Tukawa marafiki. Sikuwa na mwingine, nikisema kweli. Tangu nipunguzwe kazi watu walinionea haya au walinifurahia.

"Eti wanakataa kumshika huyu?" akasema, akichuchumaa uani. "Kwetu mbwa ni wa ufuko mzima. Anazaliwa chini ya nyavu, analishwa na kila anayepita. Ukiuliza wa nani watakuambia wa pale." Ruksa alikuwa amekwisha kuingiza pua kwenye kiganja chake. "Na meno yake kama sindano! We mtoto, mimi si titi la mama yako."

"Ngoja nikuonyeshe," nikasema. "Shika usipa mmoja, funga ngumi. Usimpe akiuma, usimpe akiruka. Asubiri akae chini, atoe mdomo kwenye ngumi. Hapo tu ndipo ufungue."

Ruksa alilamba ngumi, akaitafuna, akaikwaruza, akabweka kwa kuudhika. Bonifasia alicheka machozi yakamtoka, lakini ngumi hakufungua. Mwisho mbwa akachoka, akakalia matako, akainua kidevu akamtazama usoni. Ngumi ikafunguka.

"Ee!" akasema Bonifasia. "Huyu ana adabu kuliko mashemeji zangu."

Kuanzia hapo alipita kwetu kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Ruksa alijua harufu yake tangu kona ya barabara. Hakuruka, hakuuma. Alikimbia, akaketi mbele yake, akainua kidevu, akangoja.

Tadea alitazama haya yote kutoka dirishani. Tangu aumwe hakutoka nje ikiwa mbwa hajafungwa. Kwenda chooni alinishika gauni. Mimi sikumlazimisha. Siku moja Bonifasia akamwita.

"Njoo, mwanangu. Nipe mkono huo uliopinda."

"Shikamoo, mama mdogo. Siutoi."

"Marahaba. Si wa kumpa yeye. Nipe mimi."

Akaufunika mkono wa Tadea kwa mikono yake miwili, usipa ukiwa katikati, wakamteremshia Ruksa ngumi hiyo ya watu wawili. Ruksa akaketi. Bonifasia akatoa mkono mmoja. Akatoa wa pili. Tadea akabaki na ngumi yake, amefumba macho. Akafungua vidole kadiri vinavyofunguka. Mbwa akachukua usipa kwa ulimi tu, akakaa tena.

Niliingia jikoni nikakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

Kisha ikaja Jumapili ya kipaimara. Askofu alikuwa parokiani, na kijiji kizima kilikwenda, hata wagonjwa walibebwa. Florian alikuwa na kahawa nyingi kwenye vichanja, ya mavuno yote ya juma lile. Alisita kuondoka, nikamwambia hatuwezi kukosa kipaimara cha mtoto wa dada yake. Tukamfunga Ruksa kwenye mguu wa kichanja. Bado alikuwa na meno ya maziwa.

Tuliporudi vichanja vilikuwa vitupu. Vimekung'utwa vizuri, mikeka imekunjwa. Ruksa alikuwa palepale kwenye kamba, mkia unapiga chini kwa furaha ya kutuona.

Florian alimtazama mbwa. Halafu akanitazama mimi.

"Kijiji kizima kilikuwa kanisani," akasema.

Nilielewa anakokwenda kabla hajafika. Bonifasia hakuwa na sababu ya kwenda kwa askofu wa Kikatoliki. Alibaki peke yake, akianika usipa wake.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Nazari, aliwaita watu uani kwetu kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu mtaratibu, asiyependa ugomvi, na ndiyo maana alikuwa wa hatari. Alipenda kesi iishe. Bonifasia alikuja amejitanda khanga, harufu ya usipa ikimfuata kama kawaida.

"Nilikuwa nyumbani kwangu," akasema. "Nimegeuza samaki wangu, nimelala kidogo, nimeamka nikawageuza tena. Sikupita huku."

"Nani alikuona?" akauliza Mzee Nazari.

"Nani angeniona, baba? Nyote mlikuwa kwa askofu."

Minong'ono ikapita. Mzee Nazari akainua mkono. "Hatumhukumu mtu. Mbwa alikuwepo. Mfungulieni mbwa."

"Mzee, shikamoo," nikasema. "Huyo ni mtoto. Ana meno ya maziwa. Chui akija atamtingishia mkia. Hajui kulinda, hajui mwizi ni nini. Mimi nimesomea haya."

"Marahaba, bibi mifugo. Hatumuulizi mwizi. Tunamuuliza anayemjua."

Florian akafungua kamba.

Watu walikuwa wamesimama mviringo. Sitasahau nilichokiona: hakuna mkono hata mmoja. Wengine wameiweka makwapani, wengine mifukoni, wengine nyuma ya mgongo. Wanawake wameikunja ndani ya khanga. Watu wazima, majirani zangu, wamesimama kama magunia. Ruksa alizunguka katikati akiwanusa miguu. Luisa akarudi nyuma, mwalimu wa dini akarudi nyuma. Bonifasia peke yake hakurudi. Alikuwa ameacha mikono yake ikining'inia kama mtu asiye na hofu, na labda hilo nalo waliliona vibaya.

Ruksa akamfikia. Akaketi. Akainua kidevu, akangoja.

"Ameketi!" mtu akapaza sauti. "Ona, ameketi kabisa!"

"Nimemfundisha mimi!" nikasema. "Anakaa kwa ajili ya usipa! Anakaa kwa yeyote!"

"Hata mimi ananikalia," akasema Tadea kwa sauti nyembamba, pembeni yangu.

"Wewe ni wa nyumbani, mwanangu," akajibu Mzee Nazari kwa upole.

Nikakimbilia ndani nikachota usipa. Nikamwendea Luisa. "Shika hii. Funga ngumi, mteremshie. Utaona atakukalia wewe kama alivyomkalia yeye. Watu waone."

Luisa alitazama ule usipa kiganjani mwangu kama nimemshikisha nyoka. Alijua ninasema kweli. Nilimwona kwamba anajua.

"Mimi?" akasema. "Ili niwe wa pili?"

Nikamwendea mwalimu wa dini. Nikamwendea yule mzee wa kilabuni. Nikazunguka mviringo wote na usipa wangu, na mviringo ukawa unapanuka. Mwisho nikasimama mbele ya mume wangu.

"Florian, waambie. Umeona kila asubuhi jinsi tunavyomfundisha."

Florian alikuwa anatazama vichanja. "Nimeona kila asubuhi," akasema. "Na hilo la kila asubuhi ndilo walilolisikia."

Bonifasia hakupigwa. Mzee Nazari alijisifu kwa hilo. Hakuna kahawa iliyokutwa chumbani kwake, na hilo nalo likawa ushahidi, kwamba ameshaiuza. Watu waliacha tu kununua usipa wake. Baba mdogo wa Florian akakumbuka kwamba chumba kile anakihitaji. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alinipa mgongo, akafunga mwenyewe. Alipanda lori la kushuka ziwani akiwa amekaa juu ya magunia yake, na safari hiyo hakucheka.

Florian akamtia Ruksa kwenye kasha. Nilimtoa. Akamrudisha. Nilimtoa tena, akanambia mbele ya mtoto kwamba mbwa wangu amekwisha kula kahawa ya juma zima, na ada ya shule ya Tadea humo humo, na kwamba sasa ni zamu yake kumsomesha mbwa. Nilisikia mbwa akilia, kisha nikasikia ameacha kulia. Tadea alirudi dirishani.

Nilivumilia mpaka siku nilipopeleka maji, Ruksa akanionyesha meno. Mimi. Nikafungua kasha, nikamfunga kamba, nikapanda naye lori la ziwani mchana kweupe, mbele ya watu wote wa kituoni. Nilikuwa nimefikiri vizuri, nilidhani. Nitampelekea Bonifasia. Huko mbwa ni wa ufuko mzima. Ataokoka, na yeye atajua kuna mtu mmoja huku juu ambaye hakuamini.

Lipingo kulikuwa na joto, na usipa umetandazwa mchangani mpaka macho yanauma kwa mng'ao. Watoto walimkimbilia Ruksa mikono imenyooshwa, mikono mingi, ile niliyoitafuta kijiji kizima. Ruksa akajikunyata nyuma ya miguu yangu, akaguna kooni. Nikawafukuza watoto.

Bonifasia alikuwa anageuza samaki kwa fagio. Amekonda. Alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza hali ya Tadea. Nikamweleza nimemletea mbwa.

Akaacha kufagia. "Nani amekuona ukija naye?"

"Wote. Sikujificha."

"Ulisema unamleta wapi?"

"Nilisema kweli. Kwako."

Alitazama ziwa kwanza. "Dada, wewe una akili za darasani. Sasa watasema mbwa amerudishwa kwa mwenyewe."

Nikaweka kikombe cha maji chini.

"Nilitaka kurudi huko juu," akasema. "Mwakani, wakishasahau. Huku kila mtu ana usipa, nitamuuzia nani? Nilisema nitatafuta chumba kijiji cha jirani. Sasa…" Akainua fagio, akalishusha. "Mrudishe. Leo hii. Wamwone anarudi."

"Atarudi kwenye kasha."

"Najua."

Ruksa alikuwa amekwisha kumnusa. Alitoka nyuma ya miguu yangu, tumbo likigusa mchanga, masikio nyuma, kila baada ya hatua akisimama kutazama kama atapigwa. Alipomfikia akaketi. Akainua kidevu, akangoja.

Usipa ulikuwa umetuzunguka kila upande, mamia kwa mamia, na hakuugusa hata mmoja, kwa kuwa nilimfundisha kwamba cha halali hutoka mkononi. Bonifasia akaingiza mikono yake ndani ya khanga, akaikunja kifuani kama Luisa, kama wote.

"Mwondoe, Mama Tadea," akasema, akitazama pembeni. "Nakuomba."

Ruksa hakuondoka mwenyewe. Nilimvuta kwa kamba, na alipokuwa anavutwa bado alikuwa ameketi, akichora mfereji mchangani.

Lori la kurudi lilijaa. Nilipata nafasi juu ya magunia ya mchele, Ruksa katikati ya magoti yangu. Mwanamke aliyekaa mbele yangu, mgeni nisiyemjua, alikunja miguu yake chini ya kitenge.

"Huyo anauma?" akaniuliza.

"Bado," nikasema.